Uchunguzi wa Kiswahili: Safari ya Mizani, Hesabu na Istilahi

Utangulizi

Watu wengi wasikiapo neno "uchunguzi" hufikiria maabara, chupa za kioo na hadubini. Wasikiapo neno "fasihi" hufikiria mzee aliyeketi barazani akitunga shairi. Fikra hizi mbili zimewafanya vijana wetu waamini kwamba elimu ni nyumba ya vyumba visivyo na milango: huku chumba cha fasihi, kule cha sayansi, pale cha hisabati, na uani, karibu na jiko, somo la lugha. Mwanafunzi akichagua chumba kimoja huamini kwamba ameviaga vingine maisha yake yote.

Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba historia ya uchunguzi wa Kiswahili haikuwa hivyo. Waliolichunguza shairi walihesabu, waliounda maneno ya kemia walihitaji sikio la mshairi, na waliotunga kamusi walitegemea wote hao. Nakusudia pia kuuliza swali ambalo kila mwalimu wa sekondari hulibeba moyoni: kwa nini matunda ya kazi kubwa namna hii hayajawafikia vya kutosha wale waliokusudiwa?

Chimbuko la Uchunguzi

Uchunguzi wa Kiswahili ulioandikwa vitabuni ulianzwa na wageni, lakini haukufanywa na wageni peke yao. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Askofu Edward Steere wa Unguja alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, na mwaka huohuo akatoa mkusanyo wa hadithi za Waswahili. A. C. Madan akafuata na kamusi zake za 1894 na 1903. Majina ya watu hawa yameandikwa kwenye majalada. Majina ya wenyeji waliowasimulia hadithi, waliowasahihisha matamshi na kuwafumbulia mafumbo, aghalabu hayakuandikwa.

Mmoja aliyesalimika na usahaulifu huo ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Yeye alishirikiana na W. E. Taylor kukusanya na kueleza mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa wa karne ya 19. Bila ya Mwalimu Sikujua, mengi ya mashairi hayo yangezikwa pamoja na wazee walioyahifadhi vichwani. Diwani ya Muyaka ilipochapishwa mwaka 1940, ulimwengu wa wasomi ulipata kitabu. Lakini mizizi ya kitabu hicho ilikuwa katika kumbukumbu ya mwalimu wa Kiswahili.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kazi yake ilikuwa kusanifisha tahajia, kukagua vitabu vya shule na kutunga kamusi. Kamusi mbili kubwa zilizoanzishwa chini ya Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, zilitoka mwaka 1939.

Tuseme kweli juu ya Kamati hiyo. Iliundwa na serikali ya kikoloni kwa mahitaji ya utawala wa kikoloni, na katika miaka yake ya mwanzo wenye lugha hawakuwa na sauti katika maamuzi yake. Lahaja zenye hazina kubwa ya ushairi, kama Kimvita na Kiamu, ziliwekwa kando. Hata hivyo, Kamati ilituachia tahajia moja na utaratibu wa kukusanya maneno, na jarida lake lililoanza mwaka 1930 linaendelea mpaka leo kwa jina la Kiswahili. Mjenzi mwenye hekima hatupi jiwe zuri kwa kuwa halikuchongwa na babu yake.

Kamati ilihamahama: kutoka Dar es Salaam ikaenda Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa. Mwaka 1964 ilirudi Dar es Salaam ikawa chuo cha uchunguzi ndani ya Chuo Kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipozaliwa rasmi mwaka 1970, chombo hicho kikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI. Mwaka huohuo Idara ya Kiswahili ikaanzishwa, nayo ikafundisha masomo yake yote kwa Kiswahili. Mwaka 2009 Taasisi na Idara ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Sambamba na hayo, Bunge lilikuwa limeunda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967.

Mizani ya Mshairi

Sasa natuingie katika kazi yenyewe, na tuanze na ushairi. Neno "mizani" lina nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni sokoni, ambako mizani hupima nyama na mchele. Nyumba ya pili ni katika shairi, ambako mizani ni hesabu ya silabi. Shairi la kawaida la beti za mistari minne huwa na mizani 16 katika kila mstari, nane upande huu na nane upande ule; basi ubeti mmoja una mizani 64. Utenzi huwa na mizani nane katika kila kipande, na vipande vinne hufanya ubeti wa mizani 32. Mtoto wa pwani aliyejifunza kutunga alijifunza kuhesabu papo hapo, wala hakuambiwa kwamba anafanya hisabati.

Zaidi ya hayo, mshairi alikuwa mwanaisimu kabla neno "isimu" halijaingia katika vitabu vyetu. Neno "mtu" lina mizani ngapi? Mgeni huona herufi tatu na irabu moja tu, akasema mizani moja. Mshairi husema mizani mbili, m na tu, kwa kuwa sikio lake linasikia kwamba "m" hiyo inasimama peke yake. Lakini katika neno "embe" haitengi "m" na "be". Huhesabu e na mbe. Kanuni hii ya silabi, ambayo leo mwanafunzi hufundishwa chini ya mada ya fonolojia, ilikuwa ikilindwa na malenga kwa karne nyingi.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alifanya jambo kubwa mwaka 1954 alipochapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Elimu iliyokuwa ikipokewa kwa mdomo ikawa elimu ya kitabuni. Kitabu hicho kikawa pia kipimo cha mabishano. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akiwa ameacha vina na mizani, wasomi waligawanyika. Wengine walisema lisilo na mizani si shairi. Wengine walisema ushairi ni zaidi ya hesabu. Mimi ni mtu wa vina na mizani, wala sifichi. Lakini nakiri kwamba mabishano yale yalitufaa. Yalitulazimisha kuuliza shairi ni nini, na swali la namna hiyo ndilo mwanzo wa uchunguzi wowote, uwe wa fasihi au wa fizikia.

Kazi nyingine ilikuwa kuokoa miswada. J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya tenzi na mashairi yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na orodha ya miswada iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam ikachapishwa mwaka 1970. Kila karatasi iliyookolewa kutoka kwa mchwa ilikuwa ushahidi dhidi ya uwongo kwamba Mwafrika hakuwa na maandishi kabla ya kuja kwa mkoloni.

Hesabu za Wazee

Hisabati nayo ina historia ndani ya lugha yetu. Hesabu moja mpaka kumi, ndugu mwanafunzi, kisha usikilize. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, kama vile ishirini, thelathini, mia na elfu. "Laki" imetoka Bara Hindi. "Milioni" imekuja na Wazungu. Katika kuhesabu tu, ulimi wetu unapita katika biashara yote ya Bahari ya Hindi.

Je, kabla ya sita, saba na tisa wazee walisemaje? Walisema tandatu, fungate na kenda. Maneno haya hayakufa. Bwana na bibi harusi wanapokaa fungate, wanakaa siku saba za kale, hata kama siku hizi wanakaa tatu wakarudi kazini. Na jirani zetu wa pwani ya Kenya wanaoitwa Mijikenda wamelibeba neno "kenda" katika jina lao, yaani miji tisa. Mchunguzi wa lugha huokota ushahidi wake mahali pa namna hiyo, katika majina na sherehe ambazo watu hawakufikiria kuzibadilisha.

Vipimo navyo vina mafunzo. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Kwa hiyo methali isemayo "haba na haba hujaza kibaba" ni methali ya akiba, na papo hapo ni somo la kujumlisha. Mwalimu wa hisabati akianza na kibaba na pishi, mtoto ataelewa uwiano kabla hajaogopa neno lenyewe. Saa zetu pia huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Hesabu hiyo inafuata jua la ikweta, ambalo halichelewi sana mwaka mzima.

Hapa inafaa kumkumbuka Shaaban Robert. Alianza kazi serikalini katika idara ya forodha mwaka 1926, na miaka yake ya mwisho ya utumishi alikuwa katika upimaji wa ardhi. Maisha yake ya ofisini yalikuwa ya tarakimu. Maisha yake ya usiku yalikuwa ya beti. Mwaka 1952 alichapisha Omar Khayyam kwa Kiswahili, tafsiri ya mashairi ya mwana wa Nishapur aliyeishi kati ya mwaka 1048 na 1131. Wengi wetu twamjua Khayyam kama mshairi tu. Yeye alikuwa mtaalamu mkubwa wa aljebra aliyechunguza milinganyo ya kipeo cha tatu, na alishiriki katika kurekebisha kalenda ya nchi yake. Karani wa Tanga akamleta mwanahisabati wa Uajemi katika vina vya Kiswahili. Nani basi atasema kwamba vyumba vya elimu havina milango?

Maneno ya Sayansi

Mwezi Januari 1967 serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Ghafla kila ofisi na kila darasa lilidai maneno. Hapo ndipo kazi ya istilahi ilipopamba moto.

Utaratibu uliofuatwa ulikuwa wa ngazi. Kwanza neno litafutwe ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho ndipo kukopwe ng'ambo. Kwa njia hiyo "ikulu" ilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na "ngeli" ya sarufi ikatoka kwa Wahaya. Taifa zima limechanga maneno, kama watu wachangavyo harusi.

Katika sayansi, neno la zamani "kani", lenye maana ya nguvu na ukaidi, lilipewa kazi mpya ya kutaja ile nguvu inayosukuma au kuvuta kitu katika fizikia. "Usanisi" na "nuru" yaliunganishwa kuwa "usanisinuru", yaani kazi ya jani ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. "Darubini", iliyotujia kwa bahari kutoka Uajemi na Hindi, ikampata ndugu, "hadubini", ya kutazamia vidogo. "Oksijeni", "haidrojeni" na "atomi" yakaachwa yaingie kama yalivyo, yakivalishwa irabu tu, kwa kuwa dunia nzima huyatumia.

Kazi hii ilidai mezani watu wa aina mbalimbali. Mkemia hujua kitu, lakini huenda asijue kama neno alilopendekeza linatamkika. Mshairi hujua tamko, lakini asijue kitu. Mwalimu ndiye anayejua kama mtoto wa kidato cha kwanza atalikumbuka kesho. Matunda yalionekana: Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiswahili, kisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, pamoja na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Kasoro nazo zilikuwepo. Maneno mengine yalizaliwa mapacha watatu bila baba mmoja. Mashine ya kompyuta imeitwa kompyuta, ngamizi na tarakilishi, na mwanafunzi wa Tanga na wa Mombasa wanaweza kusoma kitu kimoja kwa majina mawili. Maneno mengine yaliundwa vizuri, yakachapishwa vizuri, yakalala rafuni.

Lugha Darasani

Kwa nini yalilala? Jibu liko katika historia ya lugha ya kufundishia. Mwaka 1969 Wizara ya Elimu ya Taifa ilitoa waraka uliopendekeza masomo ya sekondari yahamie Kiswahili hatua kwa hatua. Somo la Siasa lilihama. Masomo mengine hayakuhama. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili Januari 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa amewatafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alieleza kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, na kwamba haifai kukiacha. Hoja hiyo haikuwa nyepesi. Nchi maskini inahitaji mlango wa kutokea.

Mwaka huohuo wachunguzi wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Waligundua kwamba takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia kuanzia masomo kwa Kiingereza. Hata hivyo, Kiingereza kilibaki, na mpaka leo masomo mengi ya sekondari yanafundishwa kwa lugha hiyo.

Mimi niliingia kidato cha kwanza Januari 1985, mwezi uleule uliopendekezwa na Tume. Shule yenyewe sitaitaja, kwani haikutofautiana na nyingine. Katika somo la biolojia mwalimu aliandika ubaoni neno refu la Kiingereza lenye kuhusu majani na jua. Tulilinakili. Tulinakili na maelezo yake, ukurasa mzima. Alipouliza swali, darasa la watoto 40 lilikuwa kimya kama msikiti usiku wa manane. Si kwamba tulikuwa wajinga. Wengi wetu tulikuwa wana wa wakulima, tukijua vizuri kwamba mhindi uliopandwa chini ya mwembe haunawiri. Jioni, kwenye shamba la shule, mwalimu yuleyule aliliinua jani akatueleza kwa Kiswahili, kwa dakika kumi. Tukaelewa, tukamwuliza maswali mpaka kengele ya chakula. Lakini mtihani haukuja kwa lugha ya shambani, na wenzangu wengi walianguka. Mmoja wao, aliyekuwa na akili ya hesabu kutushinda sote, aliacha shule kidato cha pili.

Kamusi yenye neno "usanisinuru" niliiona baada ya 1990, nikiwa karani. Nilisimama nayo mkononi kwa muda mrefu. Neno lilikuwa sahihi, lenye sauti nzuri, tena lenye maana iliyo wazi. Lilikuwa limechelewa kwetu kwa miaka mitano.

Sisemi haya kukidharau Kiingereza. Kifundishwe, tena kifundishwe vema kuliko sasa, na walimu waliofunzwa kukifundisha. Lakini kujifunza lugha ni jambo moja, na kujifunza kwa lugha ni jambo la pili. Anayechanganya mambo haya mawili humpa mtoto mizigo miwili kwa wakati mmoja, kisha humlaumu akiiangusha.

Hitimisho

Tumeona kwamba uchunguzi wa Kiswahili ulianza katika kumbukumbu za watu kama Mwalimu Sikujua, ukapita mikononi mwa wageni, ukarudi nyumbani mwaka 1964, ukazaa kamusi na istilahi. Tumeona kwamba fasihi, sayansi, hisabati na ufundishaji wa lugha havikutembea mbalimbali, bali vilishikana mikono. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ni heshima kubwa. Lakini heshima ya lugha haipimwi kwa sikukuu yake. Hupimwa kwa kazi inayofanya siku zilizosalia.

Walimu, nawaomba jambo dogo lisilongoja waraka wowote. Kamusi za istilahi zitoeni rafuni. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja mara moja kwa muhula, watazame maneno ya mada inayokuja, wayapime: lipi linatamkika, lipi linaeleweka, lipi lina kasoro. Mwalimu wa hisabati amwalike mshairi aje aeleze mizani. Wanafunzi wapewe daftari la kukusanyia maneno ya vipimo na hesabu kutoka kwa babu na bibi zao, kabla hayajafa. Huo nao ni uchunguzi, na hauhitaji koti jeupe.

Nanyi wanafunzi, msikubali kuambiwa kwamba mpenda mashairi hafai kwa hesabu, wala kwamba mwenye hesabu hana haja ya lugha. Wazee wametuambia kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Asali ya kazi hii iliyofanywa kwa miaka mingi imo vitabuni. Inangoja watu wa kuirina.